Konji ya Papa Yulia Kule Lowa

Siku ya kwanza ya juma, 4/7/1955

Maharagi iko bado inakauka uani na mimi napiga pasi. Makala ya moto imenichoma kidole. Papa Yulia, bwana yangu, amepewa konji, ruhusa ya kupumzika, na Muzungu wa shamba la pareto, na amesema safari hii hatutaketi nyumbani kama kuku. Tutaenda kutembea kwao, chini ya Walikale. Tutapanda mutumbwi kwenye muto Lowa. Watoto wataona makaburi ya bami, watawala wa zamani, wazazi wa wazazi wake. Makarani wengine wanapeleka bibi zao Goma tu, kuangalia ziwa.

Sijawahi kushuka milima hii ya Masisi. Ameniowa, nimemuzalia watoto wawili, na mulango wa mama yake siujui. Mama yangu ananiuliza kule wanakula nini. Sijui. Nafurahi. Naogopa kidogo. Yulia anaruka kama mwana-mbuzi, hata chakula hataki. Deo ananyonya tu, hajui kitu.

Siku ya tatu, 6/7

Walikale. Tulikuja juu ya kamyo, juu ya magunia ya viazi. Kila kona tunashuka, kila kona joto linazidi. Milima yetu ikaisha nyuma. Miti pande mbili, na juu kipande chembamba cha mbingu. Yulia alitapika.

Polisi walisimamisha kamyo, wakauliza karatasi ya njia. Iko moja tu. Jina la Papa Yulia, na chini yake "bibi na watoto". Anaiweka mufukoni mwa shati.

Tumelala kwa katekista. Nguo zote zinanuka jasho.

Siku ya ine, 7/7

Lowa. Sikujua maji inaweza kuwa mingi hivi na kunyamaza hivi. Mutumbwi ni muti mumoja uliochongwa, murefu kuliko nyumba yetu. Wapiga kafi wanasimama, wanaimba. Mimi katikati, Deo kifuani, mikono imeshika kingo mpaka vidole vikafa ganzi. Kwetu maji ni ya kuvuka kwa kukanyaga mawe.

Papa Yulia alinicheka. Amevaa kaputula nyeupe na viatu vyake vya misa. Anaonyesha kwa kidole: pale nilikuwa navua, pale nilizama nikiwa mutoto. Sijamuona hivi hata siku moja. Ni muzuri akifurahi.

Siku ya Mungu, 10/7

Hakuna misa hapa. Nilisali rozari peke yangu.

Mama mukwe ni mudogo, mukavu, jicho moja limekuwa jeupe. Kiswahili anajua kidogo sana. Mimi Kinyanga sijui. Tunachekeana tu kama wajinga wawili. Anayenitafsiria ni Mama Bahati, bibi ya ndugu ya Papa Yulia. Zamani aliishi kambi ya mugodi.

Ndizi, samaki, sombe ya majani ya muhogo. Hata punje moja ya maharagi hakuna. Joto. Mbu. Jioni natafuta mahali jua linaenda, silioni. Pori limefika mpaka nyuma ya jiko.

Yulia analala kwa koko yake, yaani mama mukwe. Anamufuata kila mahali. Leo wamerudi na kikapu cha samaki wadogo, mutoto amelowa mpaka nywele. "Mama, Koko amenifundisha kuvua!" Ilifaa nifurahi. Sikufurahi.

Siku ya pili, 12/7

Makaburi. Tulipanda na mutumbwi asubuhi, kisha tukatembea ndani ya pori, wazee mbele. Nilifikiri nitaona misalaba, ao nyumba. Ni mawe. Mawe makubwa ya mutoni, meusi, yamepangwa na mikono ya watu ambao hakuna anayejua walikufa lini. Miti imeota juu yake, mizizi imeyakumbatia. Papa Yulia alivua kofia. Akataja majina ya waliolala pale, moja baada ya lingine. Niligusa jiwe moja. Lilikuwa la baridi, katika nchi hii ya joto. Nililia kidogo, kwa uzuri tu.

Kisha mama mukwe alimushika Yulia mukono, akamusimamisha mbele ya mawe, akamumwagia maji kichwani. Akasema maneno marefu. Wazee wakaitika. Papa Yulia alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nikamuuliza Papa Yulia, mama yake anasema nini.

"Anamuonyesha kwa babu zake," akasema.

Basi. Njiani akatangulia na wazee.

Siku ya tatu, 13/7

Mama Bahati ameniambia tukimenya ndizi. Alifikiri najua. Yulia anabaki hapa. Dada ya Papa Yulia alipokufa, Papa Yulia alimuahidi mama yake kumuletea mutoto mwanamuke wa kwanza. Maneno ya jana kwenye mawe yalikuwa hayo: huyu ndiye atakaa kwetu, mumuchunge.

Kisu kiliniponyoka. Nikakiokota. Nikamaliza ndizi zote.

Siku ya ine, 14/7

Nilimungojea Papa Yulia mutoni, akiwa peke yake.

"Ulisema tunakuya kutembea," nikamwambia.

"Si tunatembea? Lakini mama iko peke yake, jicho imekufa. Nani atamuchotea maji?"

"Na masomo? Masista banamungojea."

"Mutoto ni wa kwetu, Mama Yulia. Hukumuzaa peke yako."

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Macho yake yalikuwa mekundu. Neno lake limemufunga, naliona hilo. Namuchukia hata hivyo.

Siku ya sita, ya posho, 16/7

Nimefikiri njia zote. Muto: kafi siwezi, kuogelea siwezi. Pori: watu wa hapa wenyewe wanapotea. Na nikifika barabarani, polisi watauliza karatasi, na karatasi iko mufukoni mwake. Hata nikipiga kelele, nitapiga kwa luga gani?

Tunarudi siku ya kwanza. Wakisema "munarudi", wanahesabu mimi, Deo na baba yake.

Yulia ameambiwa. Aliniuliza, "Na wewe, Mama, unabaki?" Nikamupangusa tope usoni. Akarudi kucheza. Anamupenda koko yake, na koko anamupenda. Hilo linaniuma kuliko yote. Yule mama si mubaya. Mchana alinitilia kipande kizuri cha samaki, kile cha tumboni, yeye akala kichwa. Nilikula nikiona haya. Ningependa awe mubaya.

Siku ya kwanza, 18/7

Tumelala kijiji cha njiani. Nataka kuandika yote.

Nilishuka mutoni kabla ya wapiga kafi. Nikaingia katika mutumbwi na watoto. Nikaketi katikati, Deo kifuani. Yulia nikamufunga kiunoni kwangu na kitambaa changu cha kikwembe. Mafundo mawili, ya nguvu.

Watu wakaja na mizigo. Wakacheka. Kisha hawakucheka. Papa Yulia akasema, "Acha mutoto ashuke." Nikakaza mafundo. Wapiga kafi hawakutaka kunigusa, mama mwenye kunyonyesha. Muzee mumoja akanifokea kwa Kinyanga. Nikamujibu kwa Kihunde. Hakuna aliyejua luga ya mwingine, na tulielewana kabisa.

Jua likapanda. Mvua ikanyesha, ikaacha. Mama Bahati akaniletea ndizi ya kuchoma, akarudi bila kuniangalia. Nilimunyonyesha Deo mbele ya wote. Yulia alilia, akachoka, akalala juu ya mapaja yangu. Niliogopa. Niliogopa wote wale, na maji chini yangu. Lakini nilikuwa nimekwisha kuketi.

Papa Yulia alikaa katika tope na kaputula yake nyeupe.

"Unanipatisha haya mbele ya batu ya kwetu," akasema.

"Ndiyo, njo vile," nikasema.

Kisha mama mukwe akashuka. Watu wakamupisha. Akaingia majini mpaka magoti, akasimama karibu nami. Aliangalia mafundo ya kikwembe kwa jicho lake zima. Nikashika mutoto kwa mikono miwili. Yulia akaamka, akamuona, akasema, "Koko, ingia." Hivyo tu, kama anamukaribisha nyumbani.

Yule mama alitazama juu, kwenye nyumba yake. Akageuka, akapanda kwake. Nikafikiri ameenda kuita watu wa kunitoa kwa nguvu. Kumbe akarudi na mukeka, na chungu, na kikapu chake cha kuvulia. Akavitia mutumbwini kimoja kimoja. Papa Yulia alisimama, akamwambia maneno mengi kwa Kinyanga, akamushika mukono. Mama yake akautoa mukono.

Akanigusa bega.

"Sogea," akasema kwa Kiswahili.

Nikasogea.

Siku ya tano, 22/7

Masisi, nyumbani. Njiani polisi walisema huyu mama haiko kwenye karatasi. Papa Yulia aliwasihi mpaka wakachoka, wakatuacha.

Baridi. Mama mukwe hajawahi kuona ukungu wa namna hii. Analala karibu na moto mpaka naogopa kikwembe chake kitawaka. Papa Yulia hasemi na mimi. Yulia anasema na wote.

Siku ya posho, 13/8

Papa Yulia ameanza kusema na mimi. Mambo ya chumvi na sabuni. Si kitu, itakuja.

Mama mukwe anakohoa. Nimemupa blanketi yangu, bado anatetemeka. Maharagi yanamuvimbisha tumbo. Mchana Yulia iko masomoni, baba yake iko kwa pareto, na hakuna mwingine hapa anayejua luga yake. Anasimama uani, anaangalia milima pande zote, polepole, kama muntu anayetafuta mulango. Nayajua macho hayo.

Sikumufunga. Alikuja mwenyewe. Nimejiambia hivyo siku nyingi, na hainisaidii.

Leo nilienda kufua nguo za misa kwenye kijito. Alinifuata na fimbo yake. Akaketi juu ya jiwe. Nikafua. Baadaye akauliza:

"Maji hii inaenda wapi?"

Nikamwambia inashuka mpaka muto Osso, na Osso inaingia Lowa.

Akainama, akatia mukono ndani ya maji, akauacha mule. Maji ni ya baridi sana wakati huu. Hakuutoa.

Nilimaliza nguo zote. Nikazianika juu ya majani. Zilikauka, nikazikunja, na sikumwambia twende.