Mji Uliochorwa na Ng'ombe

Jumatatu, 2 Agosti 2021
Nimesonga ugali. Nimemwamsha Neema, mjukuu wangu. Wiki ya sita tumefungiwa ndani kwa korona, humu St Marys ugenini. Mama yake kaenda kuogesha wazee wa watu. Tangu masomo yahamie kwenye kompyuta mtoto amezima kamera. Anaona haya. Leo mwalimu kaandika: Ijumaa kila mtu ataongea, uso uonekane. Neema amelia. Nimekasirika. Si na yeye. Na hiyo haya yake.

Jumanne, 3 Agosti
Kazi yenyewe: mji mmoja wa Uingereza uliokulia kwenye soko. Aonyeshe kwenye ramani upande wa zamani na upande ulioletwa na reli. Nikauliza, gari la moshi lilifika lini? Akatoa macho. "Nyanya, gari gani? Liliungua?" Nimecheka mpaka nikakaa chini. Miaka yote anapanda treni, jina lake la Kiswahili hajui.

Jumatano, 4 Agosti
Sijasoma. Herufi hizi nilifundishwa kanisani, nina mvi tayari. Lakini soko nalijua. Nimeuza samaki kwetu Kalemie, kando ya reli, mpaka mgongo ukakataa. Nikaiangalia ramani. Upande wa zamani, darajani, njia zimepinda kama utumbo. Upande wa stesheni, nyumba mistari mistari, zote sawa, kama kambi ya wafanyakazi wa reli kwetu. Nikamwambia: hizi zilizopinda zimechorwa na ng'ombe wakienda sokoni. Zile kachora bwana mwenye rula. Akachukua kalamu.

Alhamisi, 5 Agosti
Kayasema maneno yake mara tisa mbele ya sufuria zangu. Naogopa. Hatafungua kamera.

Ijumaa, 6 Agosti
Amefungua! Mimi chini ya meza, nisionekane. Sauti ilitetemeka, halafu ikanyooka. Aliposema ng'ombe, mmoja akacheka. Neema akamjibu kwa Kiingereza chao: cheka, lakini angalia ramani. Mwalimu akaangalia. Akasema mji huo anaufundisha kila mwaka, hajawahi kuuona hivyo. Nani kakufundisha? Mtoto akainamisha kamera. Mimi huyo, kitambaa cha kulalia kichwani, unga mpaka viwikoni. Darasa zima makofi. Nikapiga vigelegele. Jirani kagonga ukuta. Agonge!

Jumapili, 8 Agosti
Ibada kwenye simu. Mvua. Treni imepita nyuma ya nyumba, ndani hamna mtu. Neema hakuinua kichwa kwenye kitabu.
"Gari la moshi, Nyanya."
Kwa Kiswahili.
Halina moshi hata kidogo. Sikumwambia.