Wilf na Kamba Yake

Shoga, Wilf kajiaibisha leo, sijui atalala vipi.

Tunashuka na boti malango kumi na matatu ya mfereji, hapahapa Birmingham mjini: boti inafungiwa langoni, maji yanatolewa, inashuka nayo. Kila lango Wilf anatuhubiria: "Msifunge kamba ukingoni. Maji yakishuka, boti itaning'inia."

Lango la saba akafunga kamba, akaingia ndani kuchemsha chai. Yeye mwenyewe, shoga. Yeye.

Maji yakashuka, boti ikalala upande, birika likamfuata. "Beryl, funga maji, tunazama!"

Beryl, mkewe, yuko juu ukingoni na hendeli yake ya kufungulia na kufungia maji. Akafunga, akajaza maji tena hadi boti ikainuka na kamba ikalegea, ndipo akauliza taratibu: "Mwalimu, kamba kaifunga nani?"

Wilf akapanda ukingoni, akaifungua.

Malango sita yaliyobaki Beryl kashika usukani. Wilf katembea ukingoni, kamba mkononi, kama anatembeza mbwa.