Barabara Iliyochaguliwa na Bega

Aganze, mjukuu wangu,

Hapa Muhumba mvua imetulia, bibi yako anakusalimu, na dada yako amejifungua salama. Mimi pumzi zimekuwa fupi, ndiyo maana nakujibu haraka. Unauliza baraza lenu huko Shabunda lianze na barabara ipi, ya soko au ya kituo cha afya.

Watu wa kwetu, kisiwani Idjwi, husema kwamba nilipokuwa karani kijana wa baraza niliona mbali. Kabla sijafa nikuambie kweli: sikuona chochote. Mimi na wazee wa baraza sote tulitaka barabara ya soko, kahawa ipite, si ya kituo cha afya. Tukiwa njiani kwenda kuikagua, tukakutana na kipoyi, machela yetu ya miti, kimembeba mama mwenye uchungu wa kuzaa. Desturi yetu ni kwamba anayekutana na kipoyi huingiza bega. Wazee wakaingiza yao, nami langu, nikateleza.

“Papa karani, vua hivyo viatu vya biro!” mama akapiga kelele kutoka juu. “Unataka mutoto azaliwe mu matope?”

Wabebaji wakacheka, nami nikavua viatu vyangu vya ofisini. Tulipofika kituo cha afya, wazee walihema hata wakashindwa kubishana. Mmoja alisema tu, “Tuanze na hii.” Mikono yote ikapanda.

Kwa hiyo usiniulize mimi. Wapeleke wajumbe wenu wazipite njia zote mbili wakiwa na kipoyi begani, na aliyelala ndani awe mtu mzito. Bega langu bado lina alama, na nitakwenda nayo kwa Mungu nikiwa na furaha.

Babu yako