Feni Mbili za Umeme na Ufunguo Wangu

Nyumba ya geti la bluu,
Nyuma ya stoo ya mbao.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mume wangu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona? Baba yako alinisomea ujumbe wako kwamba umekohoa wiki nzima, nikasema hayo ndiyo malipo ya mwanamume anayemwacha mke mkubwa nyumbani akaenda kulala kwenye baridi. Vaa soksi. Usimeze dawa tumbo likiwa tupu. Mimi bibi yako ni mzima, ila goti la kushoto, nalo tumeshazoeana.

Huku wengine wote hawajambo. Shangazi yako amepaka sebule rangi ya kijani kikali, na tunajifunza kuishi nayo. Paka amezaa tena ndani ya kapu la nguo chafu, kwa hiyo wiki hii hakuna aliyefua.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu kila mtu hapa ananidakia maneno. Barua hainikatizi. Keti vizuri, maana habari ni ndefu, na inahusu pikapu.

Unajua ilivyokuwa imeanza kuchemsha. Kwenye tambarare haikuwa na neno. Lakini nikishapakia viti vya kukodisha na maturubai, kisha nikaingia kwenye foleni au nikaanza kile kilima cha kwenda ukumbini, mshale wa joto ulipanda kuliko gari lenyewe. Mwezi wa pili iliniacha katikati ya kilima, mvuke unatoka kwenye boneti, viti vyote vya harusi vimo nyuma. Wageni wakampokea bibi harusi wamesimama wima kama watu wa mkutano wa hadhara. Niliona aibu, mume wangu, sikufichi.

Baada ya hapo baba yako na shangazi yako wakaitisha kikao. Nilialikwa kwenye kikao cha kunijadili mimi mwenyewe, nikapewa na soda. Baba yako, yaani mwanangu na baba mkwe wangu kwa mpigo, akasema pikapu iuzwe kwa mtu wa vyuma chakavu, na mimi sasa nimezeeka, nipumzike kuendesha. Nipumzike! Wewe unanijua. Nikikaa kwenye kochi siku mbili naanza kugombana na redio. Pikapu ndiyo inayonitoa nyumbani, ndiyo iliyofanya mji mzima uniite Mama Viti. Bila hiyo nitakuwa bibi wa kuulizwa kama amekula. Niliogopa kweli, na niliwaambia kwamba naogopa.

Tukakubaliana hivi. Wanipe nafasi ya kuitengeneza, kisha baba yako apande nami, mzigo ukiwa kamili, mpaka juu ukumbini. Ikichemsha, naweka ufunguo mkononi mwake palepale, bila maneno. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Nikaenda kwa Volti, yule fundi umeme wa magari mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine utosini. Akaniambia ugonjwa ni feni. Ile ya zamani inazungushwa na injini yenyewe, kwa hiyo gari likijikokota nayo inajikokota, na hapo ndipo rejeta inayopoza maji ya injini inapohitaji upepo kuliko wakati wowote. Dawa ni kuing'oa na kuweka feni mbili za umeme, zinazokula betri, pamoja na swichi inayoziwasha yenyewe maji yakipata joto. Hizo hazijali injini inakwenda mbio au imezimwa.

Feni tulizipata kwa wauza spea za mitumba, zimetoka kwenye gari dogo lililogongwa nyuma. Zilikuwa nzima, isipokuwa nyaya zake zilikuwa zimekatwa na mtu akaunga nyingine, zote nyeusi, huwezi kujua upi ni upi. Hatukulijali hilo. Bati la kuuzuia upepo usipotelee pembeni tulilikata kwenye mlango wa lile friji bovu la shangazi yako, na kile kibandiko cha simba ulichokibandika ukiwa mdogo bado kipo. Kwa hiyo sasa nina simba kwenye injini.

Siku ya kujaribu tuliwasha gari, tukasimama mbele yake tukisubiri maji yapate joto. Tk! Swichi ikashika, feni zikaanza kuvuma. Upepo uliotupiga usoni! Mtandio wangu ulinitoka kichwani, Volti akashika miwani zake zote mbili. Tulipiga makofi. Majirani wakaja kupunga upepo, shangazi yako akaleta kiti kabisa. Mshale ulitulia katikati, nami nikatangaza mbele ya watu kwamba hata ndege hainipati. Ngoma ikivuma sana hupasuka, lakini nani angenikumbusha, na wote walikuwa wanaburudika?

Jana tukapakia. Baba yako akaja moja kwa moja kutoka kwenye cherehani yake, utepe wa kupimia unaning'inia shingoni. Nadhani huoga nao. Kwenye tambarare tulikwenda kama maharusi. Tukaanza kupanda, gia ya pili, mzigo unavuta, na mbele yetu lori la mchanga linatambaa. Nikasikia feni zimewaka, nikatabasamu. Kisha nikaona mshale unafika nusu, ukapita. Baba yako hakuutazama mshale. Alinitazama mimi, na hilo ndilo lililoniuma.

Nilisimama pembeni kabla haijachemsha, nikazima injini. Mkono ukabaki kwenye ufunguo. Machozi yalikuwa karibu, naye aliyaona, maana alishuka haraka akajifanya anakagua mbele ya gari.

Feni zilikuwa bado zinavuma. Akainama kuchungulia kwenye grili, na ule utepe wake ukanyanyuka ukamchapa usoni. Akaushusha. Ukamchapa tena. Nilicheka, halafu kicheko kikanikatika. Mume wangu, feni hizi zimekaa nyuma ya rejeta. Kazi yake ni kuvuta upepo wa nje, upite kwenye rejeta, uingie ndani. Zetu zilikuwa zinausukuma upepo kutoka ndani kwenda nje! Gari likisimama, kosa halionekani. Likitembea, zinapigana na upepo wa barabarani. Na sisi, mtaa mzima, tulipanga foleni mbele ya kosa tukalishangilia.

Nikampigia Volti. Akasema, "Bibi, nyaya zote zilikuwa nyeusi. Nilibahatisha."

Nikamwambia, "Na mimi nikakupigia makofi."

Dawa yake ilikuwa kugeuza nyaya za kila feni, huu uende kule na ule uje huku. Nilichomoa kwanza waya wa betri, maana hizo feni zikitaka kuwaka hazipigi hodi, na vidole vyangu bado navipenda. Nyaya tulizichuna kwa mkasi mdogo wa baba yako wa kukatia nyuzi, jambo lililomuuma kuliko yote ya siku hiyo. Tulifanya kazi vichwa vimegusana chini ya boneti. Hatujakaribiana hivyo tangu nilipokuwa namfundisha kufunga kamba za viatu. Tulipomaliza, nikarudisha waya wa betri, feni zikavuma, naye akausogeza utepe kwenye grili. Ukavutwa, ukaganda. Akauachia, na haukuanguka.

Tukapanda. Mshale ukafika nusu, feni zikashika, ukashuka kidogo, ukatulia hapo mpaka juu. Pale ukumbini baba yako alishusha viti pamoja na wapambaji, kisha akasogea pembeni, nikamsikia anamwambia mtu wa vyuma chakavu kwenye simu kwamba asijisumbue kuja, gari limepona.

Nilifurahi, lakini nusu nusu. Gari limepona, sawa. Na mimi je? Kile kikao hakikuwa cha feni peke yake. Mle kwenye soda yangu kulikuwa na swali la macho yangu, na goti langu, na miaka yangu, na hilo hakuna waya wa kuligeuza.

Kurudi ni mteremko mkali, na zile kona unazijua, shangazi yako huzipita amefumba macho na kusali kwa sauti. Niliteremka taratibu, gia ya pili. Kwenye kona ya kwanza nikamsemesha baba yako, hakujibu. Nikadhani amenuna. Nikatupa jicho.

Alikuwa amelala, mume wangu. Kichwa kwenye kioo, mdomo wazi. Huyo huyo aliyesema mama yake amezeeka hafai kuendesha, amelala fofofo kwenye mteremko na usukani uko mikononi mwangu. Nilizipita kona zote polepole nisimwamshe. Tulipofika getini akafungua jicho moja, akauliza kama alivyokuwa akiuliza alipokuwa mtoto, "Mama, tumefika?"

Nikamwambia tumefika.

Shangazi yako anakusalimu, anauliza kama huko kuna rangi ya kijani nzuri kuliko yake. Volti anakusalimu, anaomba usicheke sana. Mdogo wako anasema amekuwekea paka mmoja, wa mabaka. Wasalimie wote unaoishi nao, na kama kuna binti anayekupikia, mwambie kwa heshima zote kwamba mke mkubwa yupo na ana gari.

Mungu akulinde kifua na nia, akuongoze katika kazi zako, akurudishe kwetu ukiwa mzima na ungali unapenda kucheka.

Ni mimi, mkeo wa tangu kuzaliwa kwako, nikupendaye,

Bibi yako,
dereva.