Mtoto wa Saa Ngapi

Mama yangu kipenzi, shikamoo.

Tuko Magunga kwa mama mkwe, tumeshiba ugali wa mtama na omena, ila namna wanavyolitamka jina ulilompa mjukuu wako ilinitia hasira. Sisi Likoni twalitamka lote, Asumini. Huku mwisho wake wanaumeza. "Asumin! Asumin!" Nilimsahihisha mama mkwe mara tatu, bado Asumin. Juzi akaniita kando, haya zimemjaa.

"Mama Asumin, huyu ni mtoto ya saa ngapi? Kwetu Atieno ni wa usiku, Akinyi ni wa asubuhi. Nimeuliza majirani yote, hakuna mtu anajua Asumin ni saa gani."

Kumbe alikuwa akilitafutia jina mahali! Nikamwambia ni ua linalofunguka jua likizama, ndilo unalotungia vikuba vyako vya kujipambia. Akacheka, akaenda kuwaambia majirani wote.

Jana jua likizama jirani akajifungua binti. Wamemwita Asumin.

Umwagilie maji ule mche wa asumini wa uani, Mama. Sasa una wajina wawili.

Akupendaye sana,
Mama Asumin