Kijiji Ambacho Baba Yako Alikiruka

Odile mwanangu,

Supu iko jikoni, ipashe tu. Paka ameshakula, asikudanganye. Mimi nimekwenda sokoni kumnunulia mjomba wako Aloyse jibini ya huku Normandi.

Ndiyo, mjomba wako. Asubuhi baba yako alinionyesha ramani ya safari yetu ya Alsace: siku sita, vijiji tisa vya mizabibu, na kijiji nilichozaliwa amekiruka. Nikamuuliza. Akasema, "Nilidhani hutaki kumwona kaka yako."

Kweli, tangu tugombanie shamba la marehemu babu yako, mwaka wa kumi na mbili huu, sijakanyaga kule. Lakini kuona kwetu kumerukwa kuliniuma. Baba yako alipopeleka gari kwa fundi, nikachukua penseli nikakiandika cha kwanza, kisha nikapiga simu kabla moyo haujageuka.

Aloyse akasema, "Njooni na njaa. Na wewe Berthe, usiniletee divai ya dukani, utanitia aibu kwa majirani."

Tulicheka mpaka nikalia.

~~Mwambie baba yako tutalala kule usiku mmoja.~~ Mwambie siku tatu. Atafute mwenyewe pa kupunguza.

Mama yako