Godoro la Sebuleni

Jumanne, 6 Juni 2023

Anastase amerudi kutoka hospitali ya Bujumbura na sura ya mwanafunzi aliyetoka kwenye mtihani. Dawa ya kwanza imeingia! Zimebaki tano, moja kila Jumanne. Wanaipitisha kwa mrija mwembamba hadi kwenye kibofu, anakaa nayo saa mbili bila kukojoa, basi. Na dawa yenyewe — ile ile chanjo ya kifua kikuu wanayochoma watoto wachanga. Eti vijidudu vyake viko hai ila vimedhoofishwa, kazi yake ni kuamsha mwili upigane na mabaki ya kansa. Mume wangu na miaka yake sitini na moja, kachanjwa kama mtoto! Nimecheka, naye akacheka kidogo.

Masharti: akojoe ameketi. Amwage Javel, ile dawa kali ya kuulia vijidudu, chooni, asubiri, ndipo asafishe. Mzee wa kanisa, besi ya kwaya nzima, anaketi kama mimi.

Jioni kachukua godoro la wageni, kalitandika sebuleni. Joto, anasema. Joto gani, na upepo wa ziwa umetufanya tutoe mablanketi?

Jumapili, 11 Juni

Bado yuko sebuleni. Kikombe chake amekifunga uzi mwekundu kwenye mpini — uzi wangu wa cherehani! — kisichanganyike na vyangu. Kanisani leo amepeana mikono na watu wote. Nyumbani chumvi ananisukumia juu ya meza.

Nimemuuliza kama ninanuka. Kasema hapana, akaenda kunawa mikono kwa Javel.

Nimekasirika. Tena nimeumia, bora niandike ukweli. Miaka thelathini na tano nimepasha miguu yangu kwenye miguu ya mtu huyu.

Jumatano, 14 Juni

Jana dawa ya pili. Inamchoma akienda haja, lakini anakula vizuri. Godoro liko palepale.

Fanny, ambaye tulimsimamia ndoa yake, alikuja kupima kanzu ya kitenge. Akaliona godoro, akaona na mto wa Anastase, parrain wake, juu yake. Hakusema neno. Fanny akiongea hakuna shida. Fanny akinyamaza, ujue kuna kikao kinakuja.

Jumamosi, 17 Juni

Kikao kimekuja!

Saa kumi, hodi. Fanny na mume wake Héritier, wamevaa nguo za ibada, na fanta nne mkononi. Wametuita tuketi. Sisi! Sisi tuliowasimamia ndoa yao, sisi parrain na marraine, ambao wakigombana hata juu ya kitunguu wanakimbilia hapa Kasenga! Héritier akaomba Mungu atusaidie. Sala ndefu kabisa. Nikajiuma mdomo nisicheke.

Kisha akamgeukia Anastase, jasho linamtoka, maskini.

“Papa, utusamehe. Weye ndiye ulituambia: nyumba ikiwa na vitanda mbili, ukuta iko njiani inakuja.”

Maneno ya Anastase mwenyewe! Aliwaambia siku walipotoka kanisani, nilikuwepo. Nikatazama fanta yangu. Anastase akaweka fanta yake chini. Halafu akasema, kwangu, si kwao:

“Minye siogope kufa, Mama Tuyishime. Niko naogopa kukuambukiza weye.”

Akaeleza. Vijidudu vya kifua kikuu, tena hai, viko ndani yake. Na dada yake mkubwa alikufa kwa kifua kikuu kule milimani, wakilala kitanda kimoja wakiwa wadogo. Nilijua dada alikufa. Habari ya kitanda sikuijua. Nikalia palepale mbele ya hawa watoto tuliowasimamia, Fanny akanipa kitambaa.

Héritier akauliza taratibu kama parrain amemuuliza munganga wa hospitali jambo hili. Kumbe munganga alimwambia aulize swali lolote, naye akauliza kama ni ruhusa kula ndagala, hivi visamaki vya ziwa!

Ndagala!

Jumanne, 20 Juni

Nimeacha kanzu za watu, nimekwenda naye. Tumevuka mpaka wa nchi pale Kavimvira asubuhi. Baada ya dawa ya tatu muuguzi, Mama Uwayezu, akauliza kama kuna swali. Anastase akaanza kuchunguza dari. Nikauliza mimi, kwa sauti: baba na mama, kitandani, inakuwaje?

Muuguzi hakushtuka hata kidogo. Kansa haiambukizi. Kula pamoja, kulala pamoja, kukumbatiana, kubusu — ruhusa yote. Kujuana kimwili, siku mbili baada ya kila dawa, hapana. Zikipita, ruhusa, ila kwa kondomu kila mara, mpaka wiki moja baada ya dawa ya mwisho, maana dawa inaweza kutoka na majimaji yake. Anawe vizuri na sabuni. Siku ikimchoma, asijilazimishe. Akipata homa kali, aje mbio.

Dawa ikiisha wataingiza kamera ndogo waone kama kibofu kimepona. Hilo sisi hatuwezi kulijua leo. Lakini barabara nzima ya kurudi amenishika mkono.

Jumatatu, 26 Juni

Usiku tuko kitanda kimoja, ila mto mkubwa katikati, maana kondomu bado hatuna. Alhamisi alikwenda kuzitafuta Mulongwe, ambako hakuna anayemjua. Akamkuta mwimbaji wa tenori wa kwaya yetu kwenye duka la dawa, akarudi na dawa ya kikohozi. Ijumaa akamkuta mke wa mchungaji — dawa ya kikohozi. Tuna chupa za kutosha mtaa mzima.

Leo nimekwenda mwenyewe kwa Ernestine, mwenye duka la dawa hapa hapa Kasenga. Nikaomba kondomu kwa jina la mtaani, kapoti. Ernestine, alto yetu, akatazama mlangoni, akazifunga kwenye gazeti, akanishika bega. Akasema yeye na mume wake wangekuwa na ujasiri huo, wasingekuwa na watoto tisa.

Ijumaa, 30 Juni

Sikukuu ya Uhuru. Mtaa wote umekwenda kwenye defile, gwaride la sikukuu, ngoma zinasikika mpaka huku. Dawa ya nne ilikuwa Jumanne. Siku mbili zimepita jana.

Baada ya chakula Anastase akalikunja godoro la sebuleni, akalirudisha stoo. Akakata uzi mwekundu kwenye kikombe kwa mkasi wangu. Akaoga. Amenukia kama bwana harusi! Nimekaa ukingoni mwa kitanda naandika haya, maana nimeona haya ghafla, mimi bibi mwenye wajukuu Kamanyola.

Hodi.

Héritier na Fanny. Bila shaka wamekuja kuona kama kikao chao kimezaa matunda. Nimetaka kusimama, Anastase kanivuta.

“Waambie hatuko,” ananong'ona. Mzee wa kanisa! Nitawaambiaje hatuko?

Hodi tena. Naandika kwa mkono mmoja, maana mwingine ameushika, wala hajanawa Javel. Héritier anasema labda wamekwenda kwenye defile. Nasikia Fanny anazunguka hadi dirisha la sebuleni, anachungulia mahali palipokuwa na godoro.

Sasa anacheka, anamwambia mume wake twende, twende upesi —